Mwalimu Peninah na Benchi la Nyuma

"Mwalimu, nikuulize kitu na usinikasirikie," Mukami alisema, ameinama juu ya shimo la maji mchangani, kibuyu mkononi. "Huyu Ciakuthii wetu mnayesema hajui hesabu, ni hesabu gani hiyo mnayofundisha huko shuleni?"

Mwalimu Peninah Makandi alikuwa wa nne kwenye foleni, debe lake likiwa chini mbele ya miguu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Septemba, mwaka wa hamsini na sita. Mto ulikuwa umekauka. Kila mama alichota kidogo, akangoja shimo lijae tena, akachota. Juu ya ukingo homugadi, askari wa serikali wa kulinda kijiji, alisimama na bunduki yake akiangalia jua, kwa maana wakati ule wa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, lango la kijiji lilifunguliwa kwa muda mfupi tu ili watu wateke maji, kisha likafungwa.

"Ni hesabu ya kawaida, Mama Ngari," Peninah akajibu. "Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya."

"Basi hiyo anaijua."

"Mimi niko naye darasani tangu Januari."

"Na mimi niko naye tangu alipokatwa kitovu." Kina mama wakacheka. Mukami akajitwika debe mgongoni, akaweka kamba vizuri kwenye paji la uso. "Kama unabisha, njoo mtaroni saa nne. Lakini kule hakuna kiti cha mwalimu. Uje na jembe."

Siku nyingine Peninah angecheka na wenzake na kusahau. Siku hiyo hakuweza. Jana yake, Ijumaa, alikuwa amemkabidhi mwalimu mkuu orodha ya watoto ishirini wa kufanya mtihani wa darasa la nne. Shule ile haikuwa na darasa la tano. Aliyepita mtihani alikwenda shule ya bweni ya misheni, na ambaye jina lake halikuandikwa alikuwa amemaliza masomo yake hapo hapo. Mvulana angetafuta kibarua, na msichana angeshika jembe angoje kuolewa. Jina la Ciakuthii halikuwa kwenye orodha. Jumatatu karatasi ile ingepelekwa misheni, na ikishafika kule hakuna wa kuirudisha.

Peninah hakuwa mtu wa nchi ile ya joto. Kwao ni Githongo, juu kwenye baridi ya Meru, ambako asubuhi ukungu hukaa juu ya kahawa mpaka saa tatu. Baba yake, Mzee Mithika, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kubatizwa upande ule, na hakuwa Mkristo wa nusu nusu. Kila jioni kabla ya chakula aliwapanga watoto wake karibu na moto, akawagusa kichwa mmoja mmoja akiwahesabu kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Mmoja, wawili, watatu..." mpaka sita. Kisha alifumba macho na kusema, "Asante Bwana, umetupa sita." Ng'ombe wake pia aliwahesabu hivyo hivyo asubuhi zizini. Majirani wengine walikuwa wakiziba masikio. Peninah alilelewa akiona jambo lile ni la kila siku kama kunawa mikono, na hakuwahi kuuliza majirani waliziba masikio kwa nini.

Akasoma kwa wamisheni, akasomea ualimu, akafundisha kwao miaka sita. Ndipo ikaja Emajensi. Huko Embu shule nyingi zilifungwa, walimu wanaume wakachukuliwa kizuizini, madarasa yakabaki na watoto bila mtu wa kushika chaki. Misheni ikaomba mwalimu mmoja ateremke akasaidie. Wengi waliogopa, na hawakukosa sababu. Peninah aliomba Mungu siku tatu, siku ya nne akafunga sanduku lake. Mama yake alilia mpaka akashindwa kumpikia chai ya safari.

Alipelekwa kwenye kijiji kipya kando ya njia ya kuelekea Gachoka. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kukusanywa mahali pamoja, nyumba zimepangwa kwa mistari, zimezungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, hajaolewa, na kwa kina mama wa kijiji habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko vita.

"Mwalimu, huko kwenu wanaume wamekwisha?" Mukami alimuuliza wiki ya kwanza tu. Mukami ndiye aliyepakana naye. Kati ya ukuta wake na wa Peninah hata kuku alipita kwa shida.

"Wapo, dada. Lakini kila anayekuja anataka kunisahihisha."

Mukami alicheka akakaa chini. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Shule ilikuwa nje ya lango, kuta za udongo na paa la nyasi. Watoto hamsini wa darasa la nne walikuwa wametoka shule tatu tofauti zilizofungwa, na hakuna aliyekuja na karatasi yoyote ya kuonyesha alikofika. Mwalimu mkuu, Mwalimu Njuki, mtu wa kule kule, mwenye mvi na baiskeli nyeusi, alimwambia, "Mwalimu Peninah, una wiki moja. Wapange. Wepesi mbele, wa katikati katikati, wazito nyuma. Ukikawia, mwaka utakuacha."

Vibao vya kuandikia vilikuwa tisa. Kwa hiyo Peninah akawauliza kwa mdomo, mmoja mmoja mbele ya wenzake. Hakutaka kuwatisha watoto waliokuwa wameona ya kutisha. Akachagua mambo ya nyumbani, mambo ambayo alidhani mtoto yeyote huyazungumza bila hofu.

Ilipofika zamu ya Ciakuthii, msichana mwembamba wa kama miaka kumi na miwili, alisimama wima, mikono nyuma.

"Nyumbani mko wangapi?" Peninah akamuuliza kwa upole.

Mtoto akatazama mlangoni. "Sijui, Mwalimu."

"Huwajui watu wa kwenu?"

"Nawajua."

"Basi ni wangapi?"

"Sijui."

Wengine wakaanza kucheka chini chini. Peninah akawanyamazisha. "Haya. Kabla ya kuhamia kijijini mlikuwa na mbuzi wangapi?"

"Sijui."

"Tuseme baba yako ana mbuzi kumi. Watatu wakafa. Wamebaki wangapi?"

Ciakuthii akashika upindo wa gauni lake, macho yakajaa machozi. "Hawajafa," akasema.

Peninah akamwonea huruma. Alijua kwamba baba wa mtoto huyu alikuwa amechukuliwa, na kwamba mama yake alikufa zamani, akalelewa na nyanya. Akamwambia akae, akaandika katika daftari lake: *Ciakuthii. Mzito wa hesabu. Asisumbuliwe.* Yale maneno mawili ya mwisho aliyaandika kwa moyo mwema kabisa. Mtoto akapewa benchi la nyuma karibu na dirisha, na hakusumbuliwa tena.

Hakusumbuliwa, na huko ndiko alikoharibikiwa. Hesabu ngumu ikiandikwa ubaoni, Peninah aliuliza benchi la mbele. Kulikuwa na Nyamu, mtoto mwenye sauti kama kengele, ambaye alijibu kabla swali halijakwisha. Akikosea, mwalimu alimngoja ajisahihishe, kwa kuwa alijulikana kuwa ni mwepesi. Benchi la nyuma walipewa hesabu za darasa la pili, na hata hizo daftari zao zilisahihishwa mwisho, jua likiwa limeinama. Vile vibao tisa havikufika kule nyuma. Muhula wa kwanza Ciakuthii aliwahi kuinua mkono mara mbili tatu. Peninah aliona mkono ule na, akiogopa mtoto asije akaaibika tena, akajifanya hakuuona. Muhula wa pili mkono haukuinuka. Daftari lake likawa na majibu yaliyoachwa nusu, na mwalimu akiona hivyo alitikisa kichwa na kusema moyoni kwamba, kweli, alikuwa amempima sawasawa.

Sasa ilikuwa Septemba, na Mukami alikuwa ameuliza swali lake.

Saa nne Peninah alifika mtaroni na jembe la kuazima. Siku zile kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwenda kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na kazi ile haikuwa ya hiari. Nyumbani kwa Ciakuthii nyanya alikuwa na goti baya, kwa hiyo Jumamosi mtoto ndiye aliyekwenda. Hedimani, msimamizi wa kazi, alikuwa amekwisha kupima sehemu yao kwa fimbo yake ndefu.

"Fimbo sitini na sita!" akapiga kelele. "Mgawane wenyewe, na jua likifika pale sitaki kuona mtu anamsingizia mwenzake." Akaenda kukaa kivulini.

Peninah alitazamia ugomvi, lakini hakuna aliyegombana. Kina mama walimgeukia Ciakuthii kama watu wanaongoja kugawiwa uji.

"Kila mtu aweke jembe lake chini," mtoto akasema.

Majembe yakawekwa kwa mstari. Wawili kati yao walikuwa na watoto wachanga mgongoni, na kwa desturi yao wenyewe wanawake walikuwa wamekubaliana kwamba mzazi mchanga achimbe nusu. Ciakuthii akachukua majembe ya hao wawili akayalaza moja juu ya jingine, yakawa kitu kimoja. Peninah alikuwa bado ameshika lake, akaambiwa na Mukami, "Lako liache, wewe ni mgeni." Mtoto akapita akigusa mipini kwa mguu, midomo ikitembea bila sauti. Alipofika mwisho hakusimama hata kufikiri.

"Fimbo sita kwa kila jembe. Mama Runji na mwenzake, tatu tatu."

Akaokota fimbo, akaanza kupima na kuweka mawe ya mipaka. Peninah akajaribu kuifanya ile hesabu kichwani. Majembe kumi ya peke yake, na yale mawili yaliyolazwa pamoja, ni kumi na moja. Sitini na sita kwa kumi na moja. Akarudia tena. Ilikuwa sawa. Hakuna mtoto wa benchi la mbele ambaye angeipata bila kibao, na Nyamu angekuwa amekwisha jibu mara tatu, zote makosa.

"Ciakuthii," akamwita, "njoo hapa, mwanangu. Majembe uliyalaza vile kwa nini? Si ungewahesabu tu kina mama wenyewe?"

Mtoto akatazama chini. Mukami ndiye aliyepasuka.

"Uui, Mwalimu! Watu wanahesabiwa? Wewe ulizaliwa wapi?"

"Mbona watu wasihesabiwe?"

"Watu hawahesabiwi na mbuzi hawahesabiwi. Ukihesabu kilicho hai unakiitia kifo. Hata mtoto wa kunyonya anajua." Kisha sauti yake ikashuka, akaangalia kule hedimani alikokaa. "Siku hizi wanaotuhesabu ni hawa. Asubuhi tunapangwa mstari, jioni tunapangwa mstari. 'Nyumba hii mko wangapi? Jana hamkuwa zaidi?' Siku walipomchukua baba yake huyu, waliingia mlangoni na kumuuliza yeye, mtoto mdogo, mko wangapi. Akawajibu ukweli. Tangu siku hiyo nyanya yake amemwambia, ukiulizwa tena mko wangapi, na hata akiuliza malaika, sema hujui."

Peninah akakaa juu ya udongo uliochimbwa. Alimwona baba yake amesimama karibu na moto akiwagusa vichwa, na majirani wameziba masikio yao. Miaka yote ile hakuwa ameuliza. Halafu akajiona mwenyewe mwezi wa Januari, mbele ya watoto hamsini, akimuuliza msichana huyu swali lile lile la homugadi, na aliposhindwa kujibu, akamwulia mbuzi watatu wa baba yake.

"Mwalimu, unaumwa?" Mukami akamshika bega.

"Siumwi. Nisaidie kusimama. Nataka kumwona Mwalimu Njuki kabla hajaenda popote."

Alipofika nyumbani kwa Mwalimu Njuki, baiskeli haikuwapo. Mkewe, Cicily, alikuwa akianika mtama uani. "Ametoka asubuhi," akasema. "Amesikia kuna lori la kusindikizwa linalokwenda Embu leo, akaona heri aipeleke ile karatasi ya misheni mapema badala ya kungoja Jumatatu."

Peninah aliuliza mara mbili, kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akarudi chumbani kwake.

Jumapili ile alikwenda kanisani, akaimba na wenzake, lakini maneno ya wimbo hayakumkaa. Alipopiga magoti hakuwa na sala ndefu. Alisema tu, "Bwana, nilimpa mtoto wako jina lisilo lake, na sasa limetumwa. Kama kuna njia ya kulirudisha, nionyeshe. Kama hakuna, nipe uso wa kumtazama." Nyuma ya kanisa Ciakuthii alikuwa amekaa na nyanya yake, ametulia kama siku zote, hajui kwamba kulikuwa na karatasi wala kwamba jina lake halikuwamo.

Jumatatu alfajiri Peninah alifika shuleni wa kwanza. Akakuta baiskeli nyeusi imeegemezwa ukutani, na Mwalimu Njuki yuko ndani akipangusa vumbi kwenye kofia yake, amenuna.

"Usiniulize," akasema kabla hajasalimiwa. "Jumamosi nzima nimekaa kwenye kizuizi cha barabara. Pasi yangu ya safari chifu ameiandika ya Jumatatu. Nikamwambia askari, baba, Jumatatu ni kesho kutwa tu. Akaniambia basi nije kesho kutwa. Usiku ule nikalala kwa ndugu yangu, jana nimerudi usiku nimechoka. Saa nne kuna lori lingine."

"Na orodha?"

"Orodha?" Akapapasa mfuko wa koti. "Si hii hapa."

Peninah akashika mlango kwa mikono miwili. Mwalimu Njuki alifikiri anaanguka, akamsogezea kiti, lakini Peninah alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Baadaye alisema kwamba hajawahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya pasi mbaya isipokuwa siku hiyo.

Akamweleza mambo yote, ya majembe na ya mbuzi. Mwalimu Njuki alisikiliza, kisha akakuna kidevu.

"Ni vigumu, Mwalimu. Rejista yako inasema mzito. Muhula wa kwanza mzito, muhula wa pili mzito. Leo unataka niandike mwepesi. Mkaguzi ataniuliza, ni mtoto aliyebadilika au ni mwalimu?"

"Mwambie ni mwalimu."

Mzee akavaa kofia yake. "Haya. Mwite. Nitamuuliza mimi mwenyewe. Akipata, nitampa nafasi. Akishindwa, usinisumbue tena."

Ciakuthii akaletwa, miguu ina umande. Alisimama wima, mikono nyuma, kama ile siku ya Januari. Mwalimu Njuki akaweka sauti yake ya mkaguzi. "Sikiliza vizuri. Mtu mmoja ana mbuzi arobaini na wanane. Ana wana..."

Mtoto akatazama mlangoni.

"Mwalimu Njuki," Peninah akasema haraka, "maharagwe. Nakusihi."

Mzee akajipiga paja. "Lo! Na mimi mwenyewe mama yangu alinichapa kwa ufito kwa kuhesabu wana-mbuzi!" Akatikisa kichwa. "Ajabu ni kwamba ninajua. Lakini miaka yote hii nilidhani mtoto akivuka mlango wa shule, mambo ya kwao huyaacha nje pamoja na fimbo ya kuchungia." Akageuka kwa Ciakuthii na sauti ya nyumbani. "Mwanangu, kuna vibaba arobaini na vinane vya maharagwe. Kuna magunia ya kutia. Kila gunia linaingia vibaba sita. Panya wametoboa gunia moja, limemwagika lote. Umebaki na magunia mangapi?"

"Saba."

"Na vibaba?"

"Arobaini na viwili. Lakini kama tumeokota yaliyomwagika, tuna vyote."

Mwalimu Njuki akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamuuliza mengine matano. Moja hakulipata, lile la nusu na robo, maana hakuwahi kufundishwa kule nyuma, na Peninah aliinamisha kichwa, akijua kosa lile ni la nani. Mzee akachukua kalamu, akaandika jina la ishirini na moja chini ya orodha, akaweka sahihi yake kando.

"Mkaguzi akikasirika juu ya hilo moja la zaidi, nitamwambia nilikosea kuhesabu," akasema, akavaa kofia.

Ikabaki shida moja, na haikuwa ndogo. Mtihani ulitungwa mbali, na watu wasioogopa kuhesabu mbuzi. Peninah akaenda jioni ile kwa nyanya wa Ciakuthii, akakaa juu ya kigoda, akaeleza. Bibi kizee alikuwa akikanda goti lake kwa majani ya moto.

"Hao mbuzi wanaoandikwa," akauliza, "wana mwenyewe?"

"Hawana, Cucu. Ni wa karatasi."

"Wanakula?"

"Hawali."

"Basi hao si mbuzi, hao ni uongo wa shule. Awahesabu tu. Lakini watu wa nyumba hii asiwaguse."

Ciakuthii mwenyewe akaongeza, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naweza kuweka kitu kingine mahali pao?"

"Weka unachotaka."

Kwa hiyo kwenye vibao, na baadaye kwenye karatasi ya mtihani, kila palipoandikwa mbuzi au watoto, mtoto yule alichora kijembe kidogo pembeni, akafanya hesabu yake, kisha akaandika jibu walilolitaka. Alihamishiwa benchi la mbele. Wiki ya kwanza alikaa kama mtu aliyekalia kiti cha wenyewe. Wiki ya tatu alikuwa akimvuta Nyamu shati na kumwambia, "Ngoja kwanza, soma mpaka mwisho."

Lakini Peninah hakuishia kwa mmoja. Kila mchana, kwa wiki mbili, aliwaita mmoja mmoja wote waliokaa nyuma, akawauliza upya chini ya ukuta wa shule, bila mtu wa kuwacheka, kwa maharagwe na mawe na vijiti. Wanne walikuwa wamekosewa. Mmoja wao sikio lake la kulia lilikuwa limekufa, na benchi lake lilikuwa upande ambao maneno ya mwalimu hayakumfikia. Wengine walikuwa wazito kweli, na hao nao aliacha kuwahurumia, akaanza kuwafundisha. Lile daftari lenye neno *asisumbuliwe* alilitia motoni akachemshia chai.

Matokeo yalikuja Desemba. Mwalimu Njuki alishuka kwenye baiskeli karibu na mtoni, akiwa bado mbali akaanza kupunga barua. Kati ya ishirini na mmoja, walipita tisa. Alisoma majina polepole kwa makusudi, mzee yule, na la Ciakuthii akaliweka la mwisho, ingawa kwenye karatasi lilikuwa la tatu. Mukami aliangusha kibuyu, akapiga kigelegele mpaka homugadi aliye juu ya ukingo akauliza kuna nini.

"Mtoto wetu amepita!" akamwambia.

"Mtoto wa nani?"

"Wetu. Usituulize tuko wangapi."

Kina mama walicheka, na hata homugadi, ambaye naye alikuwa mtu wa nchi ile, aligeuza uso asionekane akicheka. Peninah alikaa kwenye mchanga na kufungua kitambaa cha kichwa, upepo ukampiga kichwani. Kwa miezi mitatu alikuwa akilala kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Usiku ule alilala mpaka kukacha, na Mukami akaja kumgongea ukuta akidhani amekufa.

Alifundisha kule miaka mingine mingi, hata baada ya handaki kufukiwa na watu kurudi mashambani mwao. Nywele zake ziliingia mvi katika vumbi la njia ya Gachoka. Lakini waliomjua wanasema ualimu wake ulianza Januari ile iliyofuata, siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu Njuki alikuja darasani na rejista ya watoto wapya, akaifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Huyu ni mwepesi, nilimfundisha ndugu yake," akaanza. "Huyu wa pili nimeambiwa ni mzito kama jiwe, na huyu..."

Peninah akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, kwa heshima.

"Mwalimu Njuki," akasema, "naomba unipe majina yao peke yake."